Ukifika Jamestown, Muulizie Angela

Mwezi uliopita niliandika aya moja hapa kuhusu safari yangu ya Virginia, Marekani. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia binti yangu aliyejifungua, na kati ya kubembeleza mtoto na kupika uji nikapata siku ya kutembelea Jamestown, mahali ambapo Waingereza waliweka makao yao ya kwanza ya kudumu katika Marekani mwaka 1607. Barua zimekuja. Nimechagua tatu, na ya kwanza nitakaa nayo zaidi, kwa kuwa inauliza mambo ambayo mimi mwenyewe ningependa kuambiwa kabla sijaondoka Njoro.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Migosi, Kisumu, na nauza vitambaa soko la Kibuye. Mwanangu anafanya kazi Richmond, Virginia. Amenialika, viza nimepata, nitakaa wiki sita. Anataka kunipeleka Jamestown, lakini wenzake wamemwambia kuna Jamestown mbili na kila moja ina tikiti yake. Mimi sitaki kuzungushwa nikapigwa picha, kisha basi. Historia yangu iliishia darasa la saba. Niende ipi? Nitazame nini? Na goti langu la kushoto linanisumbua, nitaweza?
— Mama wa Migosi, Kisumu

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa viza, na hongera kwa kulea mtoto anayetaka mama yake aone alichokiona yeye.

Ni kweli ziko mbili, na haziko mbali. Moja inaitwa Jamestown Settlement. Hiyo ni makumbusho ya jimbo la Virginia, iliyofunguliwa 1957 katika maadhimisho ya miaka 350. Kila kitu mle kimejengwa upya kwa mfano wa kale: ngome ya magogo, kijiji cha wenyeji, na meli tatu mtoni, Susan Constant, Godspeed na Discovery, za mfano wa zile zilizowaleta Waingereza. Nyingine inaitwa Historic Jamestowne. Hii ndiyo ardhi yenyewe, kisiwani, chini ya Idara ya Mbuga za Taifa ya Marekani pamoja na shirika la Preservation Virginia. Ukinunua tikiti ya moja haikuingizi kwa nyingine.

Mkwe wangu alitupeleka kwanza kwenye ile ya mfano. Tulikaa asubuhi nzima, na nilifurahi. Lakini tulipovuka kwenda kisiwani saa tisa ilikuwa imeshapita, na kule hufunga jioni mapema. Nilipita kwenye makaburi nikiharakishwa. Nikarudi nyumbani na uchungu wa mtu aliyefika matangani watu wameshatawanyika. Binti yangu aliponiona nimenyamaza mezani, akaahidi kunirudisha, na wiki iliyofuata alinirudisha kweli. Kwa hiyo, mama, anza kisiwani. Nenda asubuhi, na siku hiyo usiipangie jambo jingine. Ile ya mfano iende siku yake.

Goti lisikutishe. Ardhi ni tambarare kama Kano. Vaa viatu vya kukanyaga chini, beba maji, na kama unakwenda kati ya Juni na Agosti, beba na dawa ya mbu, maana wako wengi. Kutoka ukumbi wa wageni utavuka daraja refu la mbao juu ya kinamasi. Kama umewahi kutembea lile daraja la mbao la Dunga, katikati ya mafunjo, utaijua harufu kabla hujaona chochote: matope yaliyotulia na majani yanayooza. Simama hapo kidogo. Mto James mahali pale si mtamu wala si chumvi kamili, kwa sababu bahari hupanda na kushuka ndani yake. Watu 104, wanaume na wavulana watupu, walioshuka hapo Mei 1607 waliyanywa maji hayo. Kufikia Septemba karibu nusu yao walikuwa kaburini.

Kwa nini walichagua mahali pabaya hivyo? Kwa sababu maji yalikuwa na kina hadi ukingoni, meli zikaweza kufungwa kwenye miti. Tena waliogopa Wahispania, wakataka mahali ambapo adui akija mtoni ataonekana mapema. Ilikuwa ardhi ya Wapaspahegh, mojawapo ya jamii zaidi ya thelathini zilizokuwa chini ya mtawala mkuu aliyeitwa Powhatan, na wenyeji hawakuwa wakiishi pale penyewe. Mtu wa ziwa kama wewe angeona mara moja kwa nini.

Na mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Wataalamu waliosoma pete za miti mikongwe ya vinamasi vya huko walikuta kwamba miaka ya 1606 hadi 1612 ndiyo saba mikavu zaidi katika muda wa karne saba na zaidi. Fikiria mgeni mwenye bunduki anakuja kukuomba mahindi mwaka ambao ghalani kwako yamebaki madebe mawili.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho utakipita usipoambiwa. Kwa muda mrefu sana watu waliamini kwamba ngome ya kwanza ilimezwa na mto. Mwaka 1994 mwanaakiolojia William Kelso alianza kuchimba karibu na mnara wa kanisa, akaikuta nchi kavu, karibu yote, ya pembetatu kama ilivyoandikwa. Lakini hakukuta mbao. Mbao hazikai miaka mia nne katika udongo wa unyevu. Alikuta madoa. Nguzo iliyosimikwa ardhini ikioza, udongo mweusi hujaza nafasi yake. Ukikwangua polepole kwa mwiko unaona duara la rangi nyingine, halafu jingine, halafu jingine, zimepangana kwa mstari.

Siku yangu ya pili kijana mmoja wa uchimbaji alikuwa amepiga magoti shimoni. Nilimsalimu, akaniita karibu, akanielekeza kwa ncha ya mwiko. Sikuona kitu. Akachukua chupa ya kunyunyizia maji, kama ile ya kupigia nguo pasi, akanyunyiza. Udongo ulipolowa doa likajitokeza, la upana wa kiganja changu, jeusi kidogo tu kuliko udongo wa pembeni. Pale ndipo mtu fulani alisimamisha nguzo, kwa njaa na homa, nao wote wakasimamisha mamia ya nguzo kwa muda wa siku 19 hivi. Maji yakakauka, doa likafifia tena. Mama, unaijua gunda, mahame ya boma la wazee, ambapo nyumba ilianguka kabla hujazaliwa lakini mvua ikinyesha majani huota tofauti pale palipokuwa zizi. Ni jambo lile lile. Kwa hiyo usiende ukitafuta majengo. Nenda ukitazama chini.

Ndani ya ngome utaona misalaba midogo ya chuma imesimama kwenye nyasi. Ni makaburi ya ule mwaka wa kwanza. Waliwazika ndani ya ua ili wenyeji wasijue wamepungua kiasi gani. Kisha kuna jengo la makumbusho liitwalo Archaearium, lenye vitu vilivyochimbwa: deraya, shanga za bluu, vipande vya shaba walivyofanyia biashara. Humo yumo msichana wa miaka 14 hivi. Jina lake halijulikani. Wataalamu wamempa jina Jane. Aliletwa na meli za 1609, na majira yale ya baridi, ambayo wenyewe huyaita Wakati wa Njaa, kati ya watu 300 hivi walisalia 60. Mifupa yake iligunduliwa 2012 ikiwa na alama za kisu. Walio hai walimla alipokufa. Nimefundisha historia miaka 31, na maiti vitabuni si kitu kigeni kwangu, lakini mbele ya fuvu lile nilivua miwani na kukaa kwenye benchi. Kama unaona moyo wako hautahimili, pita tu. Hakuna atakayekulaumu.

Kutoka hapo nenda kanisani. Mnara wa matofali unaouona ni wa karne ile ile ya 17, lakini jengo lililoshikamana nao lilijengwa 1907 juu ya misingi ya zamani. Sehemu ya sakafu ni kioo. Tazama chini yake utaona mawe ya msingi wa kanisa la 1617. Humo, tarehe 30 Julai 1619, ndimo bunge la kwanza la wawakilishi wa wakoloni lilipokaa, na Wamarekani hulisimulia kwa fahari kubwa.

Lakini mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo, siku zisizozidi mwezi mmoja, meli iitwayo White Lion ilitia nanga Point Comfort, mdomoni mwa mto, ikiwa na Waafrika ishirini na kitu. Walikuwa wamenyang'anywa kutoka meli ya Wareno iliyotoka Luanda, Angola. John Rolfe, yule aliyemwoa Pocahontas binti wa Powhatan, aliandika kwamba viongozi wa koloni waliwanunua kwa chakula. Chakula, mama. Siku chache baadaye ikaja meli ya pili, Treasurer. Katika orodha ya watu wa koloni iliyoandikwa 1625, nyumbani kwa Kapteni William Pierce hapo Jamestown, ametajwa mwanamke mmoja Mweusi aliyekuja na Treasurer. Wameandika Angelo. Wanahistoria humwita Angela.

Huyo ndiye ninayekuomba umwulizie. Ukitoka ngomeni, tembea kuelekea mashariki, mahali panapoitwa New Towne, uwaulize wafanyakazi kiwanja cha Angela kiko wapi. Wanakijua, wamekichimba. Mimi siku ya kwanza sikujua kuuliza, nikaondoka bila kufika. Siku ya pili nilifika. Ni kiwanja cha nyasi, mto unauona. Nilikaa pale karibu saa nzima, binti yangu akanyonyeshea mtoto chini ya mti.

Nitakuambia nilichokuwa nikifikiri. Wengi wa wale waliopakiwa Luanda walitekwa katika vita vya Wareno dhidi ya ufalme wa Ndongo, na watu wa Ndongo husema Kimbundu. Kimbundu ni Kibantu. Mtu kwao ni *mutu*. Mluhya anasema *omundu*, Mkikuyu *mundu*, mimi nasema *mtu*. Angela ni jina la ubatizo la Kireno; jina alilopewa na mamake halikuandikwa popote. Lakini kama alitoka Ndongo, basi kulikuwa na mwanamke katika kiwanja kile, 1625, akiteka maji na kutwanga mahindi ya watu, ambaye ningemsalimu na pengine tungeokoteza neno moja au mawili. Nilimwita kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Nikasema, mama, tumefika.

Ukiwa na siku ya ziada, mwombe mwanao akupeleke Hampton, kwenye ngome ya Fort Monroe. Ndipo Point Comfort ilipo. Na kama wewe ni mtu wa maji kweli, pandeni ile feri ya kuvuka mto James karibu na Jamestown. Hailipishwi. Ukiwa katikati ya mto utakiona kisiwa kama walivyokiona wale waliokuja.

Halafu ndiyo uende ile ya mfano, nayo ina neema yake. Katika kijiji cha wenyeji walichojenga nilikuta shamba dogo, mahindi yamesimama, maharage yamepanda kwenye mabua yake, maboga yametambaa chini yakifunika udongo. Nilitokwa na machozi kwa furaha, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwa akilima. Mahindi tunayoyaita chakula cha kwetu yalitoka kwa watu wa mabara yale, yakaletwa huku na meli. Msalimie mwanao.

Mwalimu, kwa heshima, sikuelewa aya yako. Mwafrika alipe dola kutazama mahali wakoloni walipoanzia? Hapa Njoro tuna kasri la Lord Egerton, yule mlowezi wa Kiingereza, watu huenda kupigia picha za harusi, na hakuna anayeuliza ardhi ile ilikuwa ya nani. Tumekuwa watu wa kusifia nyumba za waliotunyang'anya. Mimi singeenda hata nikilipiwa.
— Kijana wa Nakuru

Mwanangu, sikukasirikii. Na swali lako moja lina jibu, basi nalianza hilo. Ardhi ile ya Njoro, kama nchi yote hii ya Naivasha hadi Nakuru, ilikuwa malisho ya Wamaasai. Mwaka 1904 serikali ya Waingereza iliwafanya viongozi wao watie saini mkataba, wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa, wengine Laikipia, wengine kusini. Na Laikipia nako wakaondolewa kwa mkataba wa 1911. Egerton alianza kujenga kasri lake 1938 na akalimaliza 1954. Umesema hakuna anayeuliza. Wewe umeuliza. Ukienda pale tena, muulize mwongozaji mbele ya wageni wote.

Lakini kusema usiende kabisa, hapo tunatofautiana. Mimi nilijifunza Jamestown jambo kuhusu Kenya ambalo sikulipata kwa miaka yote ya kulifundisha. Waliokuja Virginia hawakutumwa na serikali. Walitumwa na kampuni, Virginia Company, iliyopewa hati na Mfalme James wa Kwanza mwaka 1606, na watu wa London walinunua hisa wakitaraji dhahabu. Dhahabu haikupatikana, hasara ikazidi, mwaka 1622 wenyeji wakawashambulia na kuua watu 347, na 1624 mfalme akaifuta hati, koloni likawa lake. Sasa soma yetu. Mwaka 1888 kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa hati na Malkia Victoria. Ikaweka vituo hadi Mumias. Faida haikupatikana. Mwaka 1895 serikali ikaichukua nchi, ikawa himaya. Kampuni ilitangulia, hasara ikaja, kisha bendera. Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao wa maelezo pale kisiwani, nikasoma mwaka 1624, nikasema kwa sauti: Mackinnon! Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa ile kampuni yetu. Binti yangu alidhani nimemwona mtu.

Na si hiyo tu. Agosti 1610 Waingereza wa Jamestown walishambulia mji wa Wapaspahegh, wakachoma nyumba, wakakata mahindi shambani. Wakamteka mke wa mtawala wao na watoto. Watoto waliwatupa mtoni wakawapiga risasi majini, na yule mama wakamuua siku hiyo hiyo. Hatujui hili kwa masimulizi ya walioonewa; aliliandika kamanda wao mwenyewe, George Percy. Uliyesoma habari za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliyeuawa 19 Oktoba 1905 pale Nandi alipokuja kuzungumza amani na Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, huwezi kusoma habari ya mama yule bila kutambua mkono ule ule.

Kwa hiyo sikulipa dola zangu kumsifu mtu. Sanamu ya Kapteni John Smith iko pale, imeukabili mto, nami niliipita. Nilikwenda kutazama jinsi kazi ile ilivyoanza, wakati wenye bunduki walikuwa wachache, wagonjwa, wanaombaomba chakula, na wenye nchi walikuwa maelfu. Powhatan angeweza kuwamaliza. Alipima, akafanya biashara nao, akawaza atawaweka chini yake kama alivyoziweka jamii nyingine. Hakuwa mjinga. Na Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga huku kwetu, alipima vivyo hivyo alipowapokea Waingereza, naye si mjinga. Tumezoea kuwahukumu wazee hawa tukijua mwisho ambao wao hawakuujua. Ukisimama kwenye ua mdogo kama ule, ambao unauzunguka kwa dakika chache, ndipo unaelewa kwa nini mtawala wa maelfu hakuona hatari.

Jambo la mwisho kwako, kwa sababu barua yako imejaa huzuni chini ya hasira. Watu wale hawakuisha. Wapamunkey na Wamattaponi bado wana ardhi yao ya kabila hapo Virginia. Serikali kuu ya Marekani iliwatambua rasmi Wapamunkey mwaka 2015, miaka zaidi ya mia nne baada ya meli zile tatu. Na kila mwaka, kwa mujibu wa mkataba wa 1677, huenda kwa gavana wa jimbo na kumpelekea kulungu. Niliposikia hayo nilijiuliza ni nani kati yetu angeshika mkataba miaka 340, ili tu asisahaulike kwamba yupo na ana upande wake katika mkataba huo.

Mwalimu, nafundisha shule ya sekondari ya chini karibu na Rongo. Wanafunzi wangu hawatafika Virginia. Nitawaonyesha nini hapa hapa, ili somo la wakoloni lisiwe tarehe tupu?
— Mwalimu wa Rongo

Mwenzangu, wewe una bahati kuliko walimu wengi wa nchi hii. Wapeleke Thimlich Ohinga. Kutoka mji wa Migori ni kama kilomita 46, na tangu 2018 pako katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kuta zile za mawe, zilizopangwa bila chokaa wala udongo, inakadiriwa zilianza kujengwa karne ya 16. Yaani kabla Waingereza wale hawajasimika nguzo zao za mbao, huku Nyanza watu walikuwa wanajua kujenga ngome ambayo bado imesimama. Wanafunzi waingie kwenye mlango mmoja mmoja, wainame, kisha uwaulize kwa nini aliyejenga alitaka mgeni ainame. Usiwape jibu.

Wakirudi, uwafundishe tumbaku. Migori wanaijua, wengine wamelipiwa karo nayo. Ni John Rolfe aliyeotesha Jamestown aina ya tumbaku iliyopendwa London, na shehena ya kwanza ikauzwa 1614. Tumbaku ndiyo iliyoliokoa koloni, na tumbaku ndiyo iliyodai ardhi zaidi na mikono zaidi. Mtoto ambaye amewahi kuchuma majani yale, akanusa vidole vyake usiku, ataelewa kwa nini 1619 meli yenye watu ilipata wanunuzi.

Na zoezi hili halihitaji nauli. Katika kila shule ya zamani kuna ua uliong'olewa. Muulize mlinzi au mzee wa jirani nguzo zilikuwa wapi. Ondoa nyasi eneo la mita moja, ukwangue udongo kwa mwiko wa mwashi, taratibu, usichimbue kwa jembe, hadi pawe laini kama sakafu. Mpe mtoto mmoja chupa ya maji yenye matundu kwenye kifuniko anyunyize. Wengine waambie wakae kimya na watazame. Sisi tulijaribu Njoro mwezi huu na mjukuu wangu mkubwa, nyuma ya jiko la zamani la mama yangu lililobomolewa 1983. Tuliyapata madoa manne. La tano, palipokuwa na mlango, ndilo lilitusumbua, na bado tunalitafuta.